Aliyepanda Mkanda Mtupu

Asubuhi ile Kiberenge alipoweka kiganja juu ya mkanda wa mashine yake mpya ya kukimbilia, aliukuta una joto.

Lilikuwa joto la kitu kilichotoka kutumika, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akatazama ukutani. Plagi ilikuwa imechomolewa, imelala sakafuni pale pale alipoiacha jana. Akainama, akanusa. Chumba kilinuka raba iliyochemka, na chini ya ile raba kulikuwa na harufu nyingine, ya vumbi la barabarani linapoangukiwa na matone ya kwanza ya mvua. Nje kulikuwa kukavu na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Akajiambia kwamba vitu vipya vina harufu zake. Kisha akavaa viatu, akachomeka plagi na kukimbia zake, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha mazoezi kwa ajili ya harufu.

Jina la Kiberenge alipewa zamani na wenzake wa timu, kwa kuwa alikuwa mfupi, mkakamavu, na akishaondoka hasimami mpaka reli iishe. Umri ulikuwa umesogea sasa, na wengi wa wale wenzake walikuwa wameshatundika viatu na kuota vitambi. Yeye hakutundika kitu. Alishona mapazia kwa ajili ya riziki na kukimbia kwa ajili ya roho yake, na mwaka ule alikuwa amejiandikisha mbio ndefu akijua kwamba zikimpita hizo, mwili hautamngoja tena.

Kilichomfungia ndani ni maradhi ya mama yake. Kiharusi kilikuwa kimempiga mama upande wa kulia, mkono na mguu vikafa, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka yamelowa. Akili ilibaki nzima, na hamu ya kumtania kila anayeingia mlangoni ilibaki nzima vilevile. Lakini hakuweza kuachwa peke yake hata kwa muda wa kuchemsha maji, sembuse muda wa kukimbia mpaka mwisho wa mji na kurudi. Kila siku, akishamwogesha, Kiberenge aliukunja na kuukunjua ule mguu uliokufa kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo, na kila siku aliomba neno moja tu, mguu huu urudi. Alilitaka hilo kuliko mbio, na kuliko kitu kingine chochote chini ya jua.

Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alipita nyumbani kila alipotoka safari. Aliposikia habari ya mashine alishika kiuno.

"Yaani ununue barabara, uilaze chumbani?"

"Nainunua, kaka."

"Ukimbie hapo hapo, usifike popote?"

"Wewe unakwenda na kurudi na lori miaka yote hiyo. Umefika wapi?"

Mama alicheka mpaka akapaliwa, na mjadala ukaishia hapo.

Dukani alikwenda siku ambayo kaka alikubali kukaa na mgonjwa. Alibeba viatu vyake vya kukimbilia kwenye mfuko. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye tai iliyokuwa ikimkaba, alimpokea kwa bashasha na kumpeleka moja kwa moja kwenye mashine iliyong'aa kuliko zote, yenye kioo kikubwa kama cha televisheni.

"Hii, dada yangu, unakimbia huku unaangalia milima. Ukichoka na milima, unabonyeza, unaletewa bahari."

"Nikitaka bahari nitaifuata ilipo. Mota yake ina nguvu gani?"

Muuzaji akaitaja kwa majivuno.

"Hiyo ni nguvu yake ikishtuliwa, au ni nguvu inayoweza kwenda nayo kutwa nzima?"

Bwana yule akalegeza tai. Hakuwa amezoea wateja wa namna hiyo. Wateja wake wengi waliuliza rangi, na baada ya miezi walitundika nguo zilizofuliwa juu ya mashine zao. Huyu alikuwa ameshakaa chini, anafunga kamba za viatu.

Akazipanda zote, moja baada ya nyingine, watu wakisimama kumtazama. Ya kwanza ilikuwa na mkanda mfupi, na alipofungua hatua yake kisawasawa kisigino kilikaribia kukanyaga hewa kwa nyuma. Ya pili mkanda wake ulisita kila mguu ulipotua, kitambo kidogo tu, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema uongo. "Mota inaomba msamaha," akasema, akashuka. Ya tatu ubao wake ulikuwa mgumu, ungemla magoti kabla ya msimu kwisha. Ya nne alipoongeza kasi ilianza kutikisika mwili mzima na kusogea yenyewe sakafuni, na mtoto mmoja wa mteja akaangua kicheko.

Ile aliyoitaka ilikuwa nyuma kabisa, haina taa wala mbwembwe. Ilikuwa nzito, ya kubebwa na wanaume walioshiba. Mkanda wake ulikuwa mrefu na mpana, rola zake nene, ubao wake ulibonyea kidogo chini ya unyayo na kurudi, na kioo chake kidogo kilionyesha mwendo, umbali na mwinuko basi. Kiberenge akaipandisha kasi mpaka ile anayokwenda nayo siku ya mashindano. Akafumba macho. Mota ilivuma chini chini, haikupanda wala kushuka.

"Simama kule mlangoni," akamwambia muuzaji bila kufumbua macho, "useme neno lolote kwa sauti ya mgonjwa."

Muuzaji akaenda, akanong'ona.

"Umesema chakula cha mchana kimechelewa."

"Ndivyo nilivyosema," muuzaji akakiri.

"Naichukua hii."

Kwa maana mama alikuwa na kengele ndogo ya mkononi, na mashine isiyomruhusu kuisikia kengele ile isingemfaa hata kama ingekuwa ya dhahabu. Alichagua vizuri. Tangu hapo watu wengi wamesema mengi juu ya Kiberenge na mashine yake, lakini katika kuchagua hakukosea, na asizuliwe.

Alipokosea ni siku ya kuifunga. Muuzaji alikuja mwenyewe na wapagazi, akaiunganisha katika chumba cha nyuma, akauinua mkanda na kupaka mafuta chini yake. "Iache izunguke tupu, polepole, mpaka mafuta yaenee," akasema. "Usiipande kwanza." Akaaga. Kiberenge akaiweka katika mwendo wa kikongwe na kusimama kidogo kuifurahia. Mara kengele ikalia. Mama alikuwa ameloa. Kumbadilisha kukaleta kumwogesha, kumwogesha kukaleta kumlisha, na mlango wa nyuma, uliofunguliwa kwa ajili ya wapagazi, ukabaki wazi jua likizama. Alipokumbuka na kurudi, chumba kilikuwa giza na mkanda ulikuwa bado unazunguka, mtupu, ukielekea ule mlango wazi na kurudi, ukielekea na kurudi. Alikuwa ameuacha katika mwendo wa kikongwe. Sasa ulikwenda mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Akadhani alibonyeza vibaya. Akauzima, akachomoa plagi, akafunga mlango, akalala usingizi wa mtu aliyepata alichokitaka.

Kwa hiyo joto la mkanda asubuhi ile lilikuwa jambo la kwanza. La pili lilikuja mchana, jua likiwa utosini, saa ambayo hakuna mtu anayefikiria mambo ya kutisha.

Kiberenge alikuwa sebuleni, cherehani ikiimba, pazia zito la hoteli likiwa limemfunika mapaja, ndipo alipohisi kwamba ndani ya mlio wa cherehani kuna mlio mwingine. Akaondoa mguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza. Mlio mwingine ukaendelea. Ulikuwa mvumo wa mota kutoka chumba cha nyuma, na juu ya mvumo kulikuwa na nyayo za mtu anayetembea, moja ikitua kwa nguvu, ya pili ikiburuzwa. Akalitupa pazia, akakimbia. Alipofika, mkanda ulikuwa umetulia, plagi iko chini, na ile harufu ya vumbi na mvua imejaa mpaka darini. Kengele ya mama ikalia.

Mama alikuwa amekodoa macho, akitazama upande wa miguuni. Chini ya shuka, kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinacheza.

Kiberenge akapiga magoti palepale. Alilia, alicheka, alikibusu kile kidole. Akampigia kaka yake simu huko huko njiani, na kaka akasimamisha lori pembeni ili alie vizuri. Mtaalamu wa viungo alipokuja aligonga goti na kinyundo chake, mguu ukaruka, naye akatabasamu mpaka magego. "Tunaendelea vizuri sana," akasema. "Mara chache naona hivi."

Mama peke yake hakufurahi. Siku zilivyokwenda mguu ulizidi kupata uhai, kidole, kisha kisigino, kisha goti, na mama mwenyewe akazidi kukonda. Aliamka ametota jasho. Alihema kama mtu aliyepanda ngazi. Utani ulimwisha, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua mwanawe.

"Mwanangu," alimwambia jioni moja, akimshika kwa mkono wake mzima. "Si mimi."

"Si wewe nini, mama?"

"Ninayeuchezesha."

"Ni mishipa inaamka. Mtaalamu si amesema?"

"Mtaalamu hakai ndani ya mguu huu. Nakaa mimi." Akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi tupu. "Kuna mwenzangu."

Kiberenge akamfunika, akamwambia alale. Alisikia, lakini hakutaka kusikia. Alikuwa ameuomba ule mguu kwa muda mrefu mno, na sasa umekuja hakuwa tayari kuuliza umeletwa na nani. Kwa hili alijuta baadaye, akasema wazi kwamba alijuta.

Alfajiri iliyofuata alipanda mashine kama kawaida. Akabana kibanio cha uzi wa usalama kwenye fulana. Uzi ule ukivutwa, hata kwa bahati mbaya, mashine yote hukata moto. Mbio zilikuwa karibu na siku hiyo alipanga kupishanisha kasi na mapumziko. Akaongeza mwendo. Kutoka chumba cha mama kukaja mlio wa kitanda, kikilia kri, kri, kri, sawasawa na hatua zake. Akapunguza mwendo, kitanda kikapunguza. Akaongeza, kitanda kikaongeza. Akavuta uzi, mota ikakata, mkanda ukasimama papo hapo chini yake, nyumba ikapaswa kunyamaza, lakini kitanda hakikunyamaza, kiliendelea kwa kasi ile ile aliyoiacha, kisha kwa kasi kubwa zaidi, kri kri kri kri, naye akatembea kuelekea mlango wa mama huku mkono ukipapasa ukuta, harufu ya vumbi lililolowa ikimjia usoni kwa mawimbi, mpaka akausukuma mlango na kuona.

Mama alikuwa amelala chali, ametulia kama gogo. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakimbia. Ulikuwa umelitupa shuka na unakimbia hewani peke yake, goti likipanda na kushuka, hatua ndefu ya mwanariadha, na wayo wake, wayo wa mtu ambaye hakukanyaga ardhi kwa muda mrefu, ulikuwa mweusi kwa vumbi. Machozi yalimtiririka mama hadi masikioni. Alikuwa hawezi hata kupiga kengele, maana mkono wake mzima ulikuwa umekamata ubao wa kitanda asiburuzwe.

Kiberenge aliulalia ule mguu kwa uzito wake wote mpaka kulipokucha.

Kuchomoa plagi hakukusaidia, ilikuwa imeshachomolewa mara ngapi. Akaulegeza mkanda kwenye rola, akaifunga mashine kwa kamba za mapazia. Siku hiyo mguu ulikimbia kutwa nzima bila kupumzika na mama akazimia. Ikabidi azifungue kamba na kuukaza mkanda tena. Kaka akafika, akaona kwa macho yake, akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na mganga.

Mganga alikuwa mzee wa mwili mkubwa na pumzi fupi. Alizunguka mashine, akaibonyeza, akaisifia uimara. "Chombo hiki lazima kiondoke humu," akatamka. "Nitakipeleka kwangu, nikilinde mwenyewe."

"Hicho kitambi ndicho kinachotaka kulinda, mzee?" Kiberenge akauliza.

"Dada," kaka akamkanya.

Lakini mganga hakuwa mtu bure. Alipoingia kwa mama na kuwasha ubani, mzaha ulimtoka usoni. Alikaa kitako, akaitazama miguu ile miwili, akauliza polepole, "Wewe uliyekaa humu, unataka nini?"

Mama akafumbua kinywa. Na mdomo wake, uliopinda tangu siku ya kiharusi, ukanyooka. Maneno yakatoka makavu, safi, bila hata herufi moja kulowa.

"Sikuingia kwa nguvu. Mimi ni wa njiani. Nyumba zina vizingiti, sipiti. Hawa wametandaza njia mpaka ndani, wakaifungulia mlango, ikanizungukia tupu tangu jua halijazama. Njia tupu ni ya nani?"

Kiberenge akakumbuka ule mlango wa nyuma.

"Nilikosa mguu tu. Nikakuta mmoja humu, hauna mwenyewe."

"Toka," mganga akasema, bila nguvu nyingi.

"Kwa nini nitoke? Muulizeni binti kila siku anaomba nini." Uso wa mama ukamgeukia Kiberenge na kutabasamu vizuri, tabasamu la zamani, la kabla ya maradhi, na hilo lilimtisha kuliko yote. "Nitamtembeza. Jioni mniwashie mkanda mtupu, sitaki zaidi ya hapo. Tazameni."

Mama akainuka. Akashuka kitandani, akasimama. Mguu wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukaburuzwa, tena wa kulia, wa kushoto, mpaka karibu na mlango. Kaka alijishika kichwa na kulia kwa kwikwi.

"Anatembea," akanong'ona. "Dada, si anatembea? Mkanda kuwashwa jioni ni nini? Tumwache kidogo. Hata mwaka."

"Wapo wanaoishi nao," mganga akasema, akikwepa macho ya watu. "Anapewa anachotaka, anatulia."

Kiberenge alitaka kukubali. Tuseme ukweli, moyo wake wote ulishakubali. Kisha akauona mkono wa kushoto wa mama, ule mzima. Mama alikuwa anapita mlangoni, anatabasamu, anatembea vizuri, na mkono ule ulikuwa umeukamata mwimo wa mlango kwa kucha, umeng'ang'ania, vidole vyeupe, kucha moja imeshapasuka na kutoka damu. Hicho ndicho kiungo pekee kilichobaki cha mama yake, nacho kilikuwa kinakataa.

"Mama," akaita. Akaushika ule mkono. "Mama, nijibu wewe."

Mdomo ukatetemeka, ukapinda. Maneno yakatoka yamelowa.

"Mtoe."

"Mguu utakufa tena. Huenda usirudi kabisa."

"Ni wangu," mama akasema. "Ufe ukiwa wangu."

Akaanguka mikononi mwa wanawe.

Sasa Kiberenge alikuwa amepandwa na hasira, na wanaomjua wanasema hapo ndipo anapokuwa na akili zaidi. Alimkalisha mganga kwenye kiti, akamtaka aeleze bila kuzunguka. Mganga akaeleza. Ubani ungemsukuma ndani zaidi, kutoka mguuni mpaka kifuani. Kuizima mashine hakumgusi, maana njia ikifungwa yeye anajificha mguuni. Ilipasa awe juu ya njia yake hasa, na njia ikatwe chini yake akiwa katikati ya hatua. Kiumbe wa njiani akikosa cha kukanyaga, hana pa kuwepo.

"Ila hatoki kwenye mguu huo," mganga akamaliza, "mpaka aone miguu mizuri zaidi."

Wote wakaitazama miguu ya Kiberenge. Yeye akacheka, kicheko kikavu.

"Basi amekuja nyumba sahihi."

"Akikuingia wewe, utaikataje njia?" kaka akauliza. "Mikono nayo si itakuwa yake? Na nani atajua kwamba ameshahama?"

"Mimi," mama akasema kutoka kitandani.

Wakageuka.

"Mguu utakufa," akasema. "Nitausikia ukifa. Uzi nipeni mimi."

Walimketisha mama kwenye kiti, mlangoni mwa chumba cha nyuma. Kiberenge akauunga uzi wa usalama kwa kamba ndefu ya pazia, akaupitisha sakafuni, akamfunga mama ncha yake kwenye kiganja cha kushoto. Hakusubiri giza. Jua lilikuwa bado linapiga dirishani alipobonyeza na kuanza.

Alianza polepole, kama anayejionyesha. Kisha akafungua hatua. Mguu wa mama ukaanza kupiga sakafu, ukimfuata. Akaongeza. Akaikimbia kasi ya mashindano, kisha akaipita, kifua mbele, magoti juu, akakimbia vizuri kuliko alivyowahi kukimbia mbele ya watu, na mgongoni mwake akasikia nyayo za pili zikipanda kwenye mkanda, moja nzito, nyingine ikiburuzwa, zikija karibu, na pumzi yenye vumbi na mvua ikamgusa shingoni, ikamwambia sikioni kwa upole kwamba mbio zile zitakuwa zake, na za mwaka ujao, na za mwaka baada ya huo, kwamba hatazeeka magoti, hatachoka, hatashindwa na mtu, anachotakiwa ni kulegeza tu, alegeze kidogo, na mapaja yake yakaanza kufa ganzi, akayatazama yakikimbia bila yeye, mwendo kwenye kioo ukipanda bila mtu kubonyeza, mpaka viuno, mpaka tumbo, mpaka mikono ikaacha kumtii, akabaki na mdomo tu.

"Mbio zangu nakimbia mwenyewe," akasema kwa mdomo huo. "Nikishindwa, nashindwa mimi. Hukualikwa."

Pale mlangoni, mguu wa mama ulipiga sakafu, ukapiga kwa uvivu, ukatulia. Mama akaisikia baridi ikipanda kutoka kidoleni mpaka nyongani, ile baridi aliyoizoea. Alikuwa na nafasi ya kungoja kidogo. Alikuwa na nafasi ya kutovuta kabisa. Kaka aliyesimama nyuma yake anasema hakungoja hata kufumba na kufumbua.

Akavuta.

Mota ikakata, mkanda ukasimama, na Kiberenge, aliyekuwa katika kasi ambayo miguu ya binadamu haina, akarushwa mbele, akapita juu ya vishikio na kugonga ukuta kwa bega. Mfupa ukalia. Lakini hakuna aliyeusikia, kwa sababu juu ya mkanda uliosimama kulisikika nyayo zikipapasa, zikipapasa haraka haraka kama mtu aliyekosa ngazi gizani, zikitafuta, kisha sauti ndefu iliyoshuka chini, chini zaidi ya sakafu, ikafifia. Harufu ya vumbi ikatoka. Ikabaki ya raba na ya jasho la mtu.

"Mwanangu," mama akaita.

"Nipo. Nimevunjika bega. Miguu ni yangu."

Mganga aliondoka jioni ile bila kuitaja tena mashine. Kaka aliitaja. Alisema iuzwe, itupwe, ichomwe. Kiberenge, bega likiwa limefungwa hospitalini, alimjibu kwamba ameichagua mwenyewe, ni mashine nzuri, na asiyeipenda asiikimbilie. Daktari naye alimkataza kukimbia hadi baada ya mbio kupita. Alimsikiliza daktari kwa adabu zote.

Wiki iliyofuata mtaalamu wa viungo alikuja na kinyundo chake. Aligonga goti. Aligonga tena, chini kidogo. Akauinua wayo, akauachia, ukaanguka. Akakirudisha kinyundo mkobani.

"Pole sana, mama," akasema mwishowe. "Sijui kimetokea nini. Tulikuwa tunaendelea vizuri."

"Hatukuwa sisi," mama akajibu.

Akamwomba aufungue mlango kidogo. Katika chumba cha nyuma mkanda ulikuwa umeanza kuzunguka, na juu yake zilisikika hatua za mtu mmoja, fupi fupi, zenye hasira, za mtu aliyefungwa bega ambaye ameambiwa asikimbie.